Picha ya Kichwa cha Milembe

Mwaka jana, pamba ikiwa bado shambani, tulimzika dada yangu Milembe hapa Binza, na mwanawe Masanja ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, sauti nzito, suti imemkaa, na hakulia mpaka alipofika kwenye majina ya wajukuu. Alitaja shule aliyosoma mama yake, shule aliyofundisha, kwaya aliyoiongoza, kisha akafika pale nilipokuwa nikipangojea. "Mwaka ule mama aliugua, akapona kwa neema za Mungu," akasema, akageuza karatasi. Watu wakaitikia amina. Mimi kwenye kiti changu cha plastiki nilipandwa na hasira, hasira ya kijinga ya mtu mzima msibani, kwa sababu sentensi ile ilikuwa fupi mno kwa mambo yaliyomo ndani yake. Mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi, hata kama mwenzako ni mama yako mzazi. Simlaumu Masanja, alikuwa mtoto mdogo. Lakini mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nilikuwamo ndani ya nyumba ile, na aliyebaki anayeijua habari nzima sasa ni mimi peke yangu. Basi nitaisema.

Nyumba yenyewe ilikuwa Bariadi, siku ambazo Bariadi bado ilihesabiwa Mkoa wa Shinyanga na Simiyu ilikuwa jina la mto tu. Nilikwenda kukaa na dada baada ya yeye kufiwa na binti yake Kabula, aliyekufa kwa degedege akiwa na miaka minne. Nilitumwa nikampikie na kumtupia jicho Masanja, mdogo wake Kabula, aliyekuwa amebaki peke yake. Huo ndio mwaka soko la pamba lilipofunguliwa. Kabla ya hapo mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja, ushirika, akipeleka pamba na kurudi na ahadi. Ghafla wakaja matajiri kutoka Mwanza na pikapu na fedha taslimu, na shemeji yangu Luhende, aliyekuwa karani wa ushirika, akaacha ukarani akawa wakala wao. Hakuwa na ghala. Ghala lilikuwa sebule yetu. Magunia ya pamba yalipangwa kutoka sakafuni hadi yakaziba dirisha, tukawa tunakula katikati yake, mchana ukiwa na giza kama jioni, ugali na nsansa, zile mboga za kunde zilizokaushwa, na asubuhi chai na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Madukani zilikuwa zimejaa sabuni za kunukia, mitumba na redio za kaseti, na kila mtu Bariadi alikuwa na haraka. Dada alikuwa akirudi kutoka kufundisha, anakaa juu ya gunia moja na sahani mapajani, anakula taratibu bila kusema. Tuliuita ukimya ule msiba.

Siku ya kwanza ilikuwa mchana, wakati wa kula. Milembe aliinua kichwa akanusa. "Kuna pamba inaungua," akasema. Katika nyumba nyingine wangemwuliza maswali. Katika nyumba iliyojaa pamba hakuna anayeuliza. Luhende aliruka, mimi nikamshika Masanja nikamtoa nje, majirani wakaja na ndoo, magunia yakaburutwa uani moja baada ya jingine na kupapaswa kama ng'ombe wa mnada. Hakukuwa na moto. Luhende akamshukuru mkewe kwa kuwa macho. Baada ya siku chache akanusa tena, tukatoa magunia tena, jasho likatutoka tena. Mara ya tatu Luhende hakuinuka. Alimega tonge, akalichovya, akasema, "Milembe, kula." Dada alimtazama mumewe kwa mshangao ambao sijausahau, mshangao wa mtu anayeona mwenzake anaketi ndani ya moto. Kisha akatoka peke yake, akakaa uani, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Sauti ilikuja baada ya harufu. Tulikuwa tunaosha vyombo. "Umesikia?" akaniuliza. "Nini, dada?" "Kabula. Ananiita. Mayu, anasema, mayu. Yuko nyuma ya magunia." Kwa Kisukuma chetu mayu ni mama, na mtoto yule hakuwahi kutumia neno jingine. Kilichoniogopesha ni kwamba Milembe hakuogopa. Alitabasamu, tabasamu la kwanza tangu msiba, akafuta mikono kwenye kanga akaenda kuinama kwenye magunia na kuongea kwa sauti ya chini. Nililia kwa woga, nikajificha jikoni. Jioni ile nilimsikia mama mkwe wake akizungumza na Luhende mlangoni, bila kujali kama nipo. "Wewe umeoa wapi?" alimwuliza mwanawe. "Tulipeleka watu Binza kupeleleza. Wakatuambia ukoo ule hauna kifafa, hauna ukoma, hauna kichaa. Leo hii hiki ni nini?" Luhende alisema ni huzuni. Mama yake akasema huzuni haihami nyumba ikakaa nyuma ya magunia.

Nataka niwe mkweli kwa kila aliyejaribu kumsaidia, kwa sababu siku hizi watu wakisimulia mambo haya hutafuta mjinga mmoja wa kumcheka. Daktari wa hospitali alimsikiliza, akaona mwanamke aliyefiwa na mtoto anayemsikia mtoto huyo, akamwandikia sindano za wagonjwa wa akili. Alikuwa na macho yake, masikio yake na sindano zake, hakuwa na kingine. Sindano zilimkakamaza shingo na kumtoa mate, na sauti haikwenda. Wazee wa kanisa walikuja wakaomba. Halafu wakwe wakampeleka Mwandoya kwa nfumu, mganga mmoja mwanamke mpole sana, aliyepasua kifaranga akakisoma ndani kwa utulivu wa mtu anayesoma barua ya ndugu. Alisema ni mtoto, hajatulia, ameingia kwa masamva, mizimu ya ukoo, na anataka kibanda chake na mama yake avae shanga nyeupe. Akampa mizizi ya kuchemsha. Tulijenga kibanda kidogo cha nyasi uani, dada akavaa shanga, na kila asubuhi akawa anatapika kwa nguvu mpaka anashika ukuta. Mama mkwe alifurahi. "Unaona? Uchafu unatoka," alisema. Nilimwambia kwamba dada alikuwa anatapika asubuhi hata kabla ya Mwandoya. Alinitazama juu mpaka chini. "Wewe binti wa darasani, umeanza lini kuwa nfumu?" Nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa ninakula ugali wa nyumba yao.

Mambo yaliharibika kwa Masanja. Siku moja dada aliipiga teke sahani ya mtoto, ugali ukatawanyika sakafuni. "Usile! Baba yako amekutilia kitu. Kabula ameniambia, ndivyo alivyomfanya yeye." Masanja alikimbilia kwa bibi yake upande wa pili wa uwanja, na tangu hapo kila mama yake alipotokea mlangoni alijificha nyuma ya sketi ya bibi. Siku ya mwisho wanunuzi walikuja na pikapu kuchukua mzigo, wakakuta Milembe amekaa sebuleni ndani ya pamba mpaka kiunoni, magunia yote yamefunguliwa, akichambua na kuita jina. Watu walijaa dirishani. Luhende aliketi kizingitini akalia mbele ya matajiri wake. Sikuwahi kumchukia baada ya kuona vile, ingawa nilijaribu. Wiki hiyohiyo wakwe walitusindikiza mpaka Binza, wakawakabidhi wazazi wangu binti yao kwa heshima zote na salamu, mwangaluka kwa huyu, mwangaluka kwa yule.

Hapa lazima nieleze desturi, la sivyo mtu wa mbali hataelewa ukali wake. Mke akirudishwa, wakwe hudai ng'ombe wao wa mahari. Wakirudishiwa ng'ombe, watoto huwafuata wajomba. Baba alisubiri wadai. Hawakudai. Mzee Maduhu, baba yake Luhende, alikunywa maziwa mgando, akapangusa midomo, akasema, "Ng'ombe zikae. Hatuna shida na ng'ombe." Mama akainama, kwa sababu alikuwa ameelewa. Walikuwa wamewaacha ng'ombe ili wabaki na Masanja. Dada naye alielewa. Katikati ya kelele zote zilizokuwa kichwani mwake, hilo lilipenya. Alikaa barazani siku nzima akijaribu kukumbuka kama mwanawe alikuwa amevaa viatu siku tulipoondoka Bariadi.

Miezi ikapita. Milembe akaanza kujigonga bega la kushoto kwenye kila mlango, kumwaga chai nje ya kikombe, kulalamika kwamba kuna ukungu. Gari la macho la misheni lilipokuja Maswa, mama alimpeleka kwa tumaini dogo la miwani, nami nikawasindikiza. Daktari wa macho alimwinamia na kitaa chake, jicho hili, jicho lile, kisha akarudi la kwanza. "Kichwa kinamuuma asubuhi?" Ndiyo. "Anatapika?" Mama akasema, "Anatapika, daktari, lakini hiyo ni dawa ya kienyeji tuliyompa." "Bado anaitumia?" "Aliacha zamani, tangu arudi kwetu." Daktari akauliza taratibu, "Sasa dawa imekwisha, anatapika nini?" Yule daktari alitueleza kwamba mshipa wa jicho kule nyuma umevimba, kwamba kuna kitu ndani ya kichwa kinasukuma, na kwamba Dar es Salaam wana mashine inayoupiga picha ubongo wa mtu akiwa hai. Akasema tusichelewe, maana macho hayasubiri. Niliogopa na kufurahi kwa pamoja. Kumbe kulikuwa na uwezekano kwamba dada hakuwa kichaa.

Usiku haukuingia kabla ugomvi haujaanza. Nauli na matibabu vingetoka wapi kama si zizini? Na zizini walikuwamo ng'ombe walewale. "Zile ni ng'ombe za Masanja," mama alisema. "Ukizirudisha Bariadi, mtoto anakuja kesho. Ukiziuza, hakuna wa kumkomboa tena." Baba, mtu wa maneno machache, alijibu, "Akija, anakuja kwa nani? Kwa mama atakayempigia sahani teke?" "Na picha isipoonyesha kitu?" mama akauliza. Milembe alikuwa amekaa mlangoni, tulidhani mawazo yake yako mbali, kwa Kabula wake. "Ziuzeni," akasema. Baba akawapeleka ng'ombe mnadani, akarudi na bakora peke yake mkononi.

Tulipanda treni Malampaka, baba, dada na mimi. Milembe alikaa dirishani akipepesa macho kwenye mbuga asizoziona vizuri, na kila stesheni alipoletewa mayai ya kuchemsha alimega kipande akakiweka kando kwenye leso. Sikuuliza ni cha nani. Dar es Salaam tulifikia kwa binamu wa baba, mtu mwema aliyetulaza chumba kimoja na friji aliyoinunua mwaka huohuo, akaifungua kila siku kutuonyesha taa ya ndani. Hospitali tulingoja foleni ya siku nyingi. Chumba cha mashine kilikuwa na baridi ya kuuma, na mashine yenyewe duara kubwa jeupe lenye kitanda kinachoingia ndani. Walimvua zile shanga. Kabla hawajanitoa nje aliniuliza, "Minza, itaonyesha na Kabula?" Fundi wa mashine alijifanya anarekebisha mto. Nikamwambia dada kwamba sijui, na hilo lilikuwa kweli.

Daktari wa upasuaji alibandika filamu kwenye ubao wa taa. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba ubongo wa mtu ninayempenda ungeweza kutundikwa ukutani. Upande wa kulia, juu ya sikio, kulikuwa na doa jeupe lenye kingo safi, ukubwa wa yai la kanga, na ubongo ulikuwa umejikunja pembeni kulipisha. Daktari, kijana bado, alizungumza na dada mwenyewe, si na baba, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Alisema ni uvimbe unaokua polepole, huenda ulianza hata kabla ya msiba, na si wa kusambaa. Sehemu ulipokaa ndiyo inayoshughulika na harufu na sauti. Ukibanwa hapo, ubongo hunusa moto usiokuwapo. "Na mtoto?" dada akauliza. Daktari alimtazama. "Sauti pia, mama. Inatoka hapohapo." "Mkiutoa, atanyamaza?" "Tunatarajia hivyo," akasema, na uso wake ulikunjuka, maskini, akidhani amempa habari njema.

Kwa siku mbili Milembe alikataa kupasuliwa. Baba alienda kukaa nje ya lango la hospitali, hakuweza kumtazama. Mimi nilikaa kitandani kwake saa za kutazama wagonjwa, namlowekea mkate kwenye chai. "Amenikataza," alisema. "Anasema wakikata, yeye ataenda wapi?" Nikaanza kumweleza habari za uvimbe, za picha, kwa akili yangu yote ya kidato cha nne. Akanikatiza. "Minza, usinifundishe. Najua amekufa. Nilimwosha mwenyewe. Lakini kujua na kusikia ni vitu viwili." Alikuwa na akili timamu siku ile kuliko sisi sote, na ndiyo maana yaliniuma. Alimaliza mkate. Alikaa akisikiliza, kichwa kimeinama upande, uso umelainika, na mimi nikakaa nikimwangalia akisikiliza. Mwishoni akasema, "Huyu ananiita kila saa. Yule wa Bariadi ananikimbia. Wote ni wangu." Akafuta uso kwa shuka. "Kamwambie daktari akate. Lakini aniache mpaka asubuhi."

Alipozinduka baada ya upasuaji, kichwa kimefungwa bendeji nyeupe, alinitambua kwa sauti kabla sijamgusa. Aliuliza baba amekula nini. Aliuliza treni inaondoka lini. Lilikuwa jambo la kutisha na la ajabu, jinsi alivyorudi mzima mzima, dada yangu wa zamani, mpenda utaratibu, mwenye kejeli. Nilingoja siku kadhaa ndipo nikamwuliza. "Kimya," alisema. "Hata harufu yake hakuna." Akalia, na nesi akaja mbio akidhani ni maumivu. Nimeishi muda mrefu kiasi cha kuona kipimo kile kikifika Mwanza, watu wanakwenda asubuhi na kurudi na majibu, na kila nikisikia mtu akisema fulani amechanganyikiwa namwambia mpelekeni kwanza akapigwe picha. Nasema hivyo kwa moyo wote. Lakini sijawahi kusema kwamba haigharimu kitu. Macho yake hayakurudi. Mshipa ulikuwa umebanwa muda mrefu mno. Alitoka Dar es Salaam akiona mwanga na kivuli, na tulipofika Malampaka alikuwa anauliza kama jua limetoka.

Nywele zilipoanza kuota, alisema twende Bariadi. Baba alibeba filamu ndani ya bahasha yake kubwa ya khaki, mimi nikamshika dada mkono. Mzee Maduhu alikuwa ametuitia wazee wa ukoo, wakaketi kwenye viti uani, na kile kibanda cha nyasi kilikuwa kimebomolewa. Baba hakuwa msemaji. Aliinua filamu juu, jua likapita ndani yake, na wazee wakainuka wakaikusanyikia, vidole vikifuata lile doa jeupe. Baba akawaambia maneno ya daktari kama alivyoyakariri njia nzima. Ukoo wetu haukuwa na kichaa na hatukuwaficha kitu. Waliitazama kwa muda mrefu. Mama mkwe alikuja akaigusa, akaanza kulia kwa sauti ya chini, akamwendea Milembe akamshika magoti. "Wabeja, asanteni, mmetuonyesha," Mzee Maduhu alisema. "Tuliwasema vibaya, na mbele ya watu hawa nafuta. Mkwe wangu hakuwa na kichaa." Nilidhani tumeshinda. Nilimbana dada mkono. Mzee akakohoa, akaendelea kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Ila macho ndiyo hayo. Mtoto wa umri huu anahitaji mtu wa kumwona. Na ng'ombe, nasikia, mliziuza."

Baba alikunja filamu kifuani, akasahau kwamba haikunjwi. Luhende alikuwa amesimama mbali, karibu na pikapu mpya, akitazama chini. Alikuwa ameshaoa, binti mdogo kunizidi, mwenye sura ya huruma. Milembe hakubishana. Aliomba kitu kimoja tu, aletwe mtoto amsikie. Yule binti akaingia ndani, akarudi akimsukuma Masanja taratibu mabegani, amekua, amevaa viatu. Dada aligeuza uso kuelekea kwenye nyayo zake, akanyoosha shingo na kungoja.

"Msalimie mgeni," binti yule alimnong'oneza.

"Shikamoo, shangazi," Masanja akasema.

"Marahaba, baba," Milembe akajibu. Alikuwa amekaza mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi. "Sema tena."

Mtoto akamtazama mama yake mpya, kisha bibi yake, asijue amekosea nini. Na kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye adabu, akasema tena.